Mtoto amepunguza kucheza tumboni, naona aibu kurudi tena hospitali

Shikamoo Mama,

Nina mimba ya wiki 34, ni ya pili. Wiki tatu zilizopita niliamka nikaona tumbo limetulia kupita kawaida. Si kwamba mtoto hakucheza kabisa. Alicheza, lakini kama mtu anayejigeuza usingizini. Nilikwenda hospitali, nikapimwa, nikaambiwa mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri, nirudi nyumbani. Muuguzi aliyekuwa anajaza kadi yangu akasema, "Mama, hii si mimba yako ya kwanza, mbona una wasiwasi hivi?" Sidhani kama alisema kwa ubaya, ila wote waliokaa kwenye benchi walisikia. Nilitoka pale natazama chini.

Tangu jana mchana hali imerudi ileile. Mtoto huyu ni wa usiku. Nikishamlaza dada yake nami nikajinyoosha kitandani, ndipo anapoanza: anasukuma chini ya mbavu upande wa kulia mpaka naona nguo inapanda, anajiviringisha, anatulia, anaanza tena. Jana nilimngoja. Nilisikia vitu viwili vitatu hafifu, tena sina hakika kama ni yeye au ni tumbo langu lenyewe. Wifi akaniambia ninywe maji baridi. Nikanywa, nikasikia teke moja, nikalala. Leo asubuhi kimya. Mchana kidogo tu.

Mama mkwe ananituliza, anasema kila mtoto hupunguza kucheza siku zikikaribia kwa sababu nafasi imebana. Mume wangu alishanunua kile kimashine cha kusikilizia mapigo nyumbani. Tumekiweka leo, tukasikia pu-pu-pu-pu ya haraka, yeye akafurahi. Mimi moyo wangu haujatulia.

Ni kweli watoto hupunguza kucheza mwishoni? Nihesabu mateke, na kama nihesabu, yawe mangapi? Kimashine nikiamini? Halafu swali ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike: nikirudi wakaniambia tena mtoto mzima, si nitaonekana msumbufu?

Mama Kijacho


Marahaba, mwanangu.

Barua yako haikungoja zamu yake. Nilipofika kwenye "tangu jana mchana" niliacha kusoma nikakuandikia mistari mitatu: usihesabu, usisubiri kesho, nenda sasa hivi wodi ya wazazi, na ukifika sema, "Mtoto amepunguza kucheza tangu jana, na hii ni mara ya pili." Usiku ule ukanijibu kwamba umekwenda, umefungwa mikanda, mapigo ni mazuri. Kesho yake ukapigwa altrasaundi: mtoto anakua vizuri, maji ya uzazi yanatosha, damu inapita vizuri kwenye kitovu. Alhamdulillahi. Lakini mwishoni mwa ujumbe ule uliandika sentensi iliyonikaa rohoni: "Mara mbili sasa nimewasumbua bure."

Nitaanza na maswali yako mengine, kisha nirudi kwenye hilo neno bure, kwa sababu hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote uliyoniandikia.

Kwanza hili la nafasi kubana. Mama mkwe wako anakupenda, na amesema alichoambiwa naye alipokuwa na mimba. Nimelisikia kwa akina mama wengi, na nasikitika kusema nimelisikia hata kwa wahudumu waliovaa sare. Si kweli. Mtoto huongeza kucheza kadiri mimba inavyokua mpaka kwenye wiki ya 32 hivi, na baada ya hapo hubaki palepale mpaka siku ya kujifungua. Hata uchungu ukishaanza utaendelea kumsikia. Kinachobadilika ni aina ya mchezo. Wiki ya 26 anapiga teke kali la ghafla, anapinduka kama samaki. Wiki ya 36 anasukuma, anajinyoosha, anajiviringisha, goti linapita polepole chini ya ngozi kama mtu anayetembeza mkono ndani ya shuka. Mchezo umebadilika sura, haujapungua. Mtu akikwambia mtoto ameacha kucheza kwa kuwa anajiandaa kuzaliwa, mshukuru kwa heshima, kisha ubebe kadi yako uende.

Kwa nini tunalishikilia sana jambo la kucheza? Kwa sababu ya kondo la nyuma. Mtoto hapumui humo ndani. Oksijeni na chakula vyote vinampitia kwenye kondo na kitovu. Kondo likianza kuchoka, mtoto anafanya kama nyumba iliyoishiwa: anabana matumizi. Damu anaipeleka kwanza kwenye ubongo na moyo, na anaacha kile anachoweza kuishi bila kukifanya. Kucheza ndicho cha kwanza kukatwa. Hapo moyo bado unapiga, na mama bado yuko mzima, hana maumivu wala damu. Dalili pekee aliyonayo mtu yeyote duniani iko tumboni mwake, na ni yeye peke yake anayeisikia. Daktari hawezi kuisikia kwa niaba yako, wala mkunga, wala mumeo.

Ndiyo maana kile kimashine cha nyumbani ningekuomba ukifungie kabatini. Mumeo amenunua kwa mapenzi, na wala simlaumu. Lakini fikiri: moyo wa mtoto hupiga mpaka dakika za mwisho kabisa. Kusikia pu-pu-pu kunakuambia kwamba sasa hivi yuko hai. Hakukuambii kama anapata oksijeni ya kutosha, wala kama atakuwa hai kesho asubuhi. Tena masikio yasiyozoea hudanganyika kirahisi. Mlio wa damu ikipita kwenye kondo, au mshipa wako mwenyewe unaokwenda mbio kwa hofu, mtu huudhani ni moyo wa mtoto. Sisi wenyewe tuliofundishwa, kabla ya kuamini tunachosikia tunashika kifundo cha mkono wa mama, tunalinganisha mapigo yake na yale tunayosikia tumboni. Ubaya wa kimashine ni kwamba kinampa mama ruhusa ya kulala wakati ambapo moyo wake unamwambia asilale. Wewe hukulala kwa amani, nami nashukuru kwamba hukukiamini.

Maji baridi nayo, au kitu kitamu, au kulisukasuka tumbo: hakuna ushahidi kwamba yanasaidia kumtofautisha mtoto mzima na mtoto mwenye shida. Teke moja baada ya maji baridi si jibu. Usiku wako mzima ulipita kwa sababu ya teke moja.

Sasa kuhesabu. Hapa nitakaa kidogo, maana kila mtu ana namba yake.

Kanuni ya mateke 10 ilipata umaarufu kutokana na kazi ya madaktari wa Cardiff, kule Wales, miaka ya 1970. Mama alianza kuhesabu asubuhi, na akifikisha 10 ndani ya saa 12 alitulia. Baadaye hospitali nyingi zikaja na kipimo kingine, 10 ndani ya saa 2 ukiwa umelala ubavu. Ni namba rahisi kukumbuka na rahisi kuchapisha kwenye karatasi. Mwaka 1989 ukachapishwa utafiti mkubwa uliohusisha wanawake zaidi ya 68,000, kundi moja likihesabu kila siku na lingine likiendelea kama kawaida. Vifo vya watoto tumboni vilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Na kuna jambo moja ndani ya matokeo yale ambalo sijalisahau tangu nilisome: pamoja na kuhesabu kote, watoto wengi waliofariki walikuwa wameshafariki wakati mama zao wanaonwa na mhudumu. Daftari la mateke peke yake halimwokoi mtoto. Mama lazima afike, tena afike mapema.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma kwa wajawazito, halikupendekeza kila mama awe anahesabu kila siku. Linataka mama ajue umuhimu wa mtoto kucheza miezi mitatu ya mwisho, na akiona amepunguza atoe taarifa. Mimi nakubaliana nalo kabisa. Watoto hawafanani. Yuko ambaye 10 anazimaliza kwa dakika 15 halafu anaendelea. Huyu akishuka mpaka 10 kwa saa 2 amepungua sana, na mama yake akifuata namba ataambiwa yuko salama. Yuko mwingine mpole tangu mwanzo, na mama yake akifuata namba atakesha kila siku akilia. Kipimo cha mtoto wako ni mtoto wako mwenyewe, jana na juzi.

Na wewe, mwanangu, kipimo hicho unacho tayari. Hebu soma tena barua yako. Umeniandikia saa anayoanza, ubavu anaosukuma, mpaka nguo inavyopanda. Mhudumu yeyote makini akisikia maelezo hayo anajua anaongea na mama anayemjua mtoto wake. Endelea hivyohivyo. Kila siku, saa anayopenda kuchangamka, lala ubavu, wa kushoto kama unauweza, weka simu mbali, mpe robo saa ya kumsikiliza tu. Usihesabu. Sikiliza nguvu yake, namna anavyocheza, na mara ngapi anarudi. Kule Sweden wakunga wamekuwa wakifundisha njia ya namna hii kuanzia wiki ya 28. Kwikwi, ile mitikisiko midogo inayokuja kwa mpigo mmoja kama saa ya ukutani, usiiweke kwenye hesabu ya kucheza. Na ujue kwamba mtoto hulala pia. Usingizi wake huchukua dakika 20 mpaka 40 kwa kawaida, ni nadra kuzidi dakika 90. Kwa hiyo kimya cha nusu saa si habari. Kimya cha tangu jana mchana ni habari.

Kuna siku mama huwa na shughuli nyingi, jua linazama ndipo anakumbuka hajamsikia. Huyo hajui kama mtoto amenyamaza au yeye ndiye hakuwa anasikiliza. Basi alale ubavu, asikilize kwa makini, na hapo ndipo kile kipimo cha mateke 10 ndani ya saa 2 kinaweza kumsaidia: yasipotimia, aondoke. Lakini aliyekwisha kuona tofauti, kama wewe, hana sababu ya kuzipoteza saa mbili hizo. Aondoke tu.

Kwa wale wenye mimba ndogo zaidi wanaosoma hapa: wengi huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 24, wa mimba ya kwanza wakichelewa kidogo. Wiki ya 24 ikifika hujasikia kitu chochote, nenda ukaangaliwe. Kondo likiwa limekaa mbele ya tumbo linaweza kufunika mateke kama godoro, hasa kabla ya wiki ya 28. Mtoto akiwa amekupa mgongo kwa mbele, vilevile utamsikia kidogo. Dawa za usingizi na za maumivu makali nazo humlegeza mtoto, na akina mama wanaochomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto huona amepoa siku moja mbili. Nayataja ili msishtuke daktari akiyasema. Sikuyataja ili mtu akae nyumbani ajipe jibu. Huwezi kujua kwa kukaa kwenye kiti kwamba ni kondo la mbele na si kondo lililochoka.

Haya, turudi kwenye bure.

Mama anapokuja wodini na kusema mtoto amepunguza kucheza, karibu 7 kati ya 10 wa namna yake, wakiwa wamepata tukio hilo mara moja, humaliza mimba bila tatizo lolote. Kwa hiyo uwezekano mkubwa, kila unapokwenda, ni kuambiwa mtoto mzima. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Geuza upande wa pili: wakiulizwa akina mama waliopoteza mtoto tumboni, zaidi ya nusu husema waliona amepunguza kucheza kabla. Makundi haya mawili, siku yanapoingia mlangoni, yanafanana kabisa. Wamevaa sawa, wanaongea sawa, wote wanaomba radhi kwa kusumbua. Hakuna njia ya kuwapata wale wachache isipokuwa kuwapima wote. Wewe uliyepimwa ukakutwa salama ni sehemu ya kazi hiyo, hukuwa kikwazo chake.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, nitakusimulia wawili.

Mmoja alikuja asubuhi na mapema, amevaa vizuri, begi la mtoto mkononi. Alisema mtoto hajacheza tangu jana saa mbili usiku. Niliweka sikio kwenye ile tarumbeta ndogo ya kusikilizia, nikaikandamiza tumboni, nikasogeza, nikasogeza tena. Ukiinama vile unakuwa umemlalia mama, uso wako umeelekea miguuni kwake, yeye hauoni. Nilikaa vile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilijua nikiinuka ataniona usoni. Nilipomuuliza kwa nini hakuja usiku, alisema, "Niliona mmelala, sikutaka kuwasumbua." Hatukuwa tumelala. Wodi ya wazazi hailali.

Wa pili alikuja mara ya kwanza, akapimwa, sawa. Siku tisa baadaye, sawa. Mara ya tatu alikuja usiku wa manane huku ananiomba radhi kuanzia mlangoni. Nilimfunga ile mikanda miwili ya mashine, mmoja wa mapigo na mmoja wa kukaza kwa tumbo, nikampa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mtoto anacheza. Kwa mtoto mzima mapigo huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na mstari kwenye karatasi hauachi kutetemeka. Mtoto akicheza unapanda kama kilima, unashuka. Wa huyu mama ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Kitufe hakukibonyeza hata mara moja. Daktari aliitwa, akafanyiwa upasuaji muda uleule, mtoto akatoka mdogo, amekunjamana, kisha akalia. Kama mara ya pili angekuwa ameambiwa neno la kumvunja moyo na akaliamini, mara ya tatu asingekuja.

Naomba wauguzi na wakunga wenzangu mnaosoma hapa mnisikilize. Najua foleni ilivyo. Najua mama wa kumi na tano kwa siku anavyochosha. Lakini "mbona una wasiwasi hivi" ni maneno yanayofunga mlango, na anayefungiwa hakuambii kwamba amefungiwa. Anatabasamu, anachukua kadi, anakwenda. Badala yake mwambieni, "Umefanya vizuri kuja, na akipungua tena rudi." Ni maneno machache, hayaongezi hata dakika moja kwenye foleni.

Nawe mwanangu, ujue unachostahili kufanyiwa ukifika, ili usikubali kusikilizwa kwa sekunde kumi na kurudishwa. Baada ya wiki ya 28, kusikia tu kwamba moyo unapiga hakutoshi. Mtoto anatakiwa awekwe kwenye mashine ya mikanda, wengi huiita CTG, kwa dakika 20 au zaidi, kwa sababu tunatafuta namna moyo unavyopanda na kushuka. Wakupime presha, mkojo, na urefu wa tumbo. Ikiwa mtoto bado hachezi vizuri, au ni mara ya pili na zaidi, au una jambo jingine kama presha, kisukari au historia ya mtoto mdogo, altrasaundi inafuata, kwa kawaida ndani ya saa 24, kuangalia ukuaji, maji na mzunguko wa damu. Kituo kikiwa hakina mashine, waulize wakupeleke wapi, usiku uleule. Na kama pamoja na kupunguza kucheza unatoka damu, chupa imepasuka, tumbo limekuwa gumu lisiloachia, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, hapo hata kuuliza usiulize, mtu akuwahishe.

Jambo jingine dogo: tangu wiki ya 28 lala ubavu unapoanza usingizi, usiku na mchana. Kulala chali kumeonekana kuhusiana na hatari zaidi ya mtoto kufia tumboni. Ukiamka ukajikuta chali, usijilaumu, geuka tu ulale.

Mumeo muonyeshe barua hii. Nina kazi kwa ajili yake, bora kuliko ya kushika kimashine. Usiku ukimwambia "simsikii vizuri," asikuulize "una hakika?" Achukue funguo, amwamshe mtu wa kubaki na binti yenu, akusindikize, na pale mapokezi aongee yeye ikiwa wewe umeishiwa nguvu. Mama mkwe naye akikwambia nafasi imebana, mwambie, "Mama, hospitali wamenisisitiza nirudi kila akipungua." Huo si utovu wa adabu, na hawezi kukubishia.

Umebakiza wiki tano au sita. Yawezekana atapunguza tena, yawezekana hatapunguza. Akipunguza, hata kama umetoka hospitali juzi, hata kama ni yuleyule muuguzi wa siku ile yuko zamu, simama mbele yake useme: "Nina wiki kadhaa, mtoto huwa anacheza hivi na hivi, tangu saa fulani amebadilika, hii ni mara ya tatu, naomba apimwe kwa mashine." Yaandike sasa hivi nyuma ya kadi yako ya kliniki, ili siku hiyo usihangaike kutafuta maneno.

Na leo usiku, binti akishalala, jinyooshe ubavu, uweke mkono chini ya mbavu upande wa kulia.